Vijana Watatu, Tanuru Moja na Komba wa Pugu



Leo tunaingia msituni. Usiogope, hatuendi mbali. Tunakwenda Pugu tu, pale nje kidogo ya Dar es Salaam, mahali ambapo wengi wetu tumeshakwenda kuhiji na tukarudi bila hata kuuliza ile miti iliyotuzunguka ni ya nani.

Kabla ya kuanza, soma: Mwa 2:15, Dan 3:46-90, Lk 12:6-7. Kama Biblia yako haina sehemu hiyo ndefu ya Danieli sura ya 3, tafuta toleo la Kikatoliki, maana somo la leo limesimama hapo hapo.

Lengo la somo: Tutambue kwamba kila kiumbe, hata kile kidogo tusichokijua jina, kina wimbo wake mbele za Mungu, na kwamba wimbo huo unaweza kunyamazishwa na jiko letu wenyewe. Halafu tujiulize tufanye nini bila kumkanyaga maskini.

1. Usiku ule Pugu

Nianze na kisa changu mwenyewe. Mwaka jana vijana wa parokia yetu tulikwenda hija Pugu. Tulikodi magari mawili, tukapita Gongo la Mboto tukiimba, ngoma zinalia, skafu shingoni. Nyuma ya gari kulikuwa na masufuria, mchele, maharage na magunia mawili ya mkaa. Magunia yale nayakumbuka vizuri kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa kamati ya chakula. Nilikuwa nimeyapata kwa bei nzuri, nikajisifu sana. Yametoka wapi? Sikuuliza.

Jioni, baada ya Njia ya Msalaba, tukakaa kusubiri mkesha. Maharage yalikuwa hayajaiva (hatukuyaloweka, ndiyo maana). Mara tukasikia mlio kutoka upande wa miti, mlio mkali unaojirudia, kama mtoto analia. Wengine wakashikana mikono. Kaka mmoja, ambaye jina lake nitamsitiri, akaanza Salamu Maria kwa sauti kubwa kuliko alivyowahi kusali kanisani.

Mzee wetu mmoja, katekista mstaafu aliyekuja kutusindikiza, akacheka. "Komba huyo, wanangu. Na yeye anasali masifu yake ya jioni."

Tukacheka sote. Ila mzee akaongeza: "Zamani walikuwa wanalia pande zote. Siku hizi ukimsikia mmoja unashukuru." Akalitazama jiko letu, akayatazama yale magunia mawili, akanyamaza. Hakutusema hata neno moja. Lakini mimi niliyeyanunua nilielewa.

Sasa tuutazame msitu wenyewe.

2. Mlima tunaoujua kwa historia, msitu tusioujua kwa jina

Pugu ina nafasi ya pekee katika historia ya Kanisa letu. Mwaka 1888 wamisionari Wabenediktini wa Mtakatifu Otilia walifungua hapo misheni yao ya kwanza katika nchi hii. Haikudumu. Tarehe 13 Januari 1889, wakati wa vita vya Abushiri, misheni ilishambuliwa na kuchomwa moto, na watawa watatu wakauawa: mabradha wawili na sista mmoja. Ndiyo maana tukienda Pugu hatuendi matembezi. Tunakwenda kwenye udongo uliomwagikiwa damu.

Miaka mingi baadaye, katika vilima hivyo hivyo, kulikuwa na shule ya Mtakatifu Fransisko. Hapo ndipo Mtumishi wa Mungu Mwalimu Julius Nyerere alipofundisha kuanzia mwaka 1953, mpaka alipoacha kazi mwaka 1955 ili ajitoe kwa ajili ya TANU. Barabara tunayopita leo kwenda huko inaitwa kwa jina lake, Barabara ya Nyerere. Wazee wetu waliijua kama Barabara ya Pugu.

Haya tunayajua. Tunafundishwa, na ni vizuri. Lakini muulize kijana yeyote aliyehiji Pugu: kule juu kuna msitu gani? Atakwambia, "Kuna miti miti tu." Kumbe hiyo "miti miti" ni mabaki ya misitu ya pwani ya Afrika Mashariki, ile iliyotawanyika vipande vipande kuanzia kusini mwa Somalia, ikashuka Kenya na Tanzania mpaka Msumbiji. Ni misitu ya kale sana. Kwa kuwa imetengana kwa muda mrefu, kila kipande kimelea viumbe vyake, na vingine huvikuti popote pengine duniani. Upo mti mmoja wa jamii ya kunde ambao wataalamu wameupa jina la kisayansi *Baphia puguensis*, yaani ule wa Pugu. Mlima wetu wa hija umo ndani ya jina la mti, na sisi hatukuwa na habari!

Msitu wa Pugu wenyewe ni mdogo. Hautimizi kilomita za mraba 30. Jirani yake ni msitu wa Kazimzumbwi, upande wa Kisarawe, na siku hizi yote miwili inatunzwa pamoja kama hifadhi ya mazingira asilia chini ya Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania, TFS. Jiji lenye mamilioni ya watu limeshafika mlangoni pake. Kwa miaka mingi watu wameingia humo kukata miti, kulima, hata kujitafutia viwanja.

Na usisahau maji. Mto Msimbazi unaanzia katika vilima hivyo, ukashuka kupitia mitaa yetu mpaka Jangwani, ukaingia baharini karibu na daraja la Selander. Anayekaa bondeni anakumbuka mafuriko ya Desemba 2011 na mengine yaliyofuata. Sababu za mafuriko ni nyingi: takataka, ujenzi bondeni, mitaro iliyoziba. Lakini mlima ukivuliwa miti, mvua haikai juu. Inateremka yote kwa pamoja, na udongo inaubeba. Wahenga walisema mchuma janga hula na wa kwao. Anayekata mti Pugu huenda hajui kwamba shangazi yake anakaa Jangwani.

3. Majirani zetu wa usiku

Nani wanaishi humo? Nitawataja wachache, maana huwezi kumpenda usiyemjua.

*Komba wa Rondo.* Wengi wetu tunawajua komba wakubwa, wale wanaosifika pwani kwa kuiba tembo la mnazi. Huyu ni mdogo wao. Uzito wake ni gramu 60 hivi, sawa na yai la kuku. Ndiyo, yai moja la kuku! Ana macho makubwa ya kuonea gizani, na mkia wake umechanua manyoya kama ile brashi ya kusafishia chupa ya mtoto. Usiku hurukaruka kwenye miti ya chini na kushuka mpaka kwenye majani makavu akitafuta wadudu. Ana mlio wake mwenyewe, na ni kwa milio ndipo wataalamu huwatofautisha komba wadogo wanaofanana sana sura. Sayansi ilimpa jina rasmi miaka ya 1990 tu. Yaani wazazi wetu walikuwa wameshazaliwa, wengine wameshapata Kipaimara, ndipo dunia ikajua kwamba Mungu alikuwa na komba huyu. Anaishi Tanzania peke yake, katika misitu michache ya pwani: ile ya kusini, Lindi na Mtwara, na mingine huku, Pugu na Kazimzumbwi ikiwemo. Ameshawahi kuwekwa kwenye orodha ya wanyama 25 wa jamii ya nyani, kima na komba walio hatarini zaidi duniani kote.

Yule tuliyemsikia usiku ule huenda hakuwa yeye. Pengine alikuwa binamu yake wa kawaida. Lakini naye yumo humo, kimya kimya.

*Sange.* Ukimwona haraka utasema panya mkubwa mwenye pua ndefu. Mbele ana rangi ya kutu, nyuma mweusi. Pua yake inachezacheza kama mkonga mdogo, anafukua majani makavu kutafuta wadudu. Wataalamu walipochunguza vinasaba vyake wakakuta jambo la ajabu: ukoo wake uko karibu na tembo kuliko panya. Huishi dume na jike, wawili wawili, katika eneo lao, na hulala kwenye kiota cha majani chini ya miti. Moto ukipita chini ya msitu, hata kama miti mikubwa itabaki imesimama, nyumba ya sange imekwisha.

*Popo.* Huko Pugu kuna mapango ya zamani ya machimbo ya kaolini, ule udongo mweupe wa kutengenezea vyombo vya kauri. Binadamu waliondoka, popo wakahamia. Jua likizama hutoka kwa wingi kwenda kutafuta riziki. Tunawaogopa bure. Popo ndio wanaochavusha maua ya mbuyu usiku, na wengine hula wadudu tunaowalalamikia.

Ongeza hapo kima, hondohondo na midomo yao mikubwa, vipepeo, vyura, na paa wadogo wanaopita kama kivuli. Wote hao wako safari ya daladala moja kutoka Kariakoo.

Sasa kijana mwenzangu ataniuliza: sawa kaka, umetufundisha baiolojia, lakini hii inahusiana nini na imani? Twende kwa Danieli.

4. Wimbo ulioimbwa ndani ya tanuru

Kisa tunakijua tangu mafundisho ya Komunyo ya Kwanza. Mfalme Nebukadneza anasimamisha sanamu ya dhahabu, vijana watatu wanakataa kuisujudia, wanatupwa katika tanuru ya moto. Anania, Azaria na Misaeli. Angalia: *vijana*.

Ukisoma taratibu kuanzia aya ya 46, utaona jambo ambalo huwa tunaliruka. Watumishi wa mfalme hawakuacha kuuchochea ule moto. Walitupia lami, walitupia makumbi, walitupia kuni, mpaka ndimi zikapanda juu sana na kuwaunguza wao wenyewe waliosimama karibu. Moto wa kiburi hauchagui. Unaanza na uliyemkusudia, unamalizia na aliyeuwasha.

Malaika wa Bwana akashuka, akafanya katikati ya tanuru pawe na ubaridi kama upepo wenye umande. Na hao vijana wakaanza kuimba. Wanaimba nini? Wanawaita viumbe. Wanaita jua na mwezi, mvua na umande, baridi na joto, usiku na mchana. Wanaita milima na vilima, na kila kinachoota katika nchi. Wanaita chemchemi, bahari na mito, viumbe vya majini, ndege wa angani, wanyama wa mwituni na wa kufugwa. Wote wanaalikwa kumhimidi Bwana. Ni baada ya hao wote ndipo wanaitwa wanadamu. Na wao wenyewe, Anania, Azaria na Misaeli, wanajitaja karibu na mwisho kabisa, aya ya 88.

Kanisa linaupenda wimbo huu sana. Ndio unaosaliwa katika Masifu ya Asubuhi ya Dominika ya juma la kwanza. Kila mara padri au sista anapousali, anawakaribisha hata komba wa Pugu kwenye kwaya.

Hapa tupate mafundisho mawili.

*Kwanza,* viumbe havimsifu Mungu kwa kupitia sisi tu. Vinamsifu kwa kuwepo kwake. Komba akiruka tawi hadi tawi saa nane za usiku, hakuna mtu anayemwona, hakuna anayepiga picha, lakini kuna Mmoja anayemtazama na kufurahi. Bwana wetu alisema habari za shomoro: watano wanauzwa kwa senti mbili, na hakuna hata mmoja wao aliyesahauliwa mbele za Mungu. Sokoni shomoro wa tano alikuwa kama nyongeza. Mbinguni hakuna nyongeza.

*Pili,* kwaya inaweza kupungua. Papa Fransisko katika barua yake *Laudato si'* ya mwaka 2015, namba 33, anasema kwa uchungu kwamba kwa sababu yetu maelfu ya viumbe havitamtukuza tena Mungu kwa kuwepo kwake, wala havitatufikishia ujumbe wake, na kwamba hatuna haki ya kufanya hivyo. Tafakari neno hilo. Aina moja ya kiumbe ikitoweka, sauti moja imetoka kwenye wimbo wa Danieli, na haitarudi.

5. Tanuru la pili

Sasa njoo nyumbani. Kiswahili chetu kina neno hilo hilo kwa mambo mawili. Walikotupwa vijana watatu ni tanuru. Na kule msituni mkaa unakochomwa ni wapi? Ni tanuru.

Tanuru la mkaa hufanywa hivi. Miti inakatwa, magogo yanapangwa, yanafunikwa kwa majani na udongo, unaachwa upenyo wa hewa, kisha moto unawashwa. Mchomaji hulala kando yake siku kadhaa akiziba nyufa, maana hewa ikizidi mkaa wote unageuka majivu. Ni kazi ngumu, ya moshi, na sehemu kubwa ya mti hupotea bure. Gogo alilokata ni kubwa, gunia analopata ni dogo.

Utafiti mmoja uliochapishwa mwaka 2010 kuhusu misitu inayoizunguka Dar es Salaam ulieleza jinsi uharibifu unavyosambaa kama mawimbi kutoka mjini. Wimbi la kwanza ni la miti ya mbao za thamani. Ikiisha, linakuja wimbi la miti ya mbao hafifu. Ikiisha nayo, linakuja wimbi la mkaa, ambalo halichagui. Kati ya mwaka 1991 na 2005 mawimbi hayo yalisogea mbali na jiji hadi kilomita 9 kwa mwaka.

Niliposoma hayo nikakumbuka jinsi dhambi inavyofanya kazi. Haianzi kwa kuchoma kila kitu. Inaanza na kimoja kizuri, halafu kingine, halafu tunazoea, mwisho tunachoma hata vichaka. Bandu bandu huisha gogo. Na sisi wa mjini hatulioni tanuru. Tunaona gunia limefungwa vizuri kwa majani juu, na bodaboda anapita alfajiri akiwa nayo matatu.

Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2415, inaweka heshima kwa uumbaji chini ya amri ya saba: Usiibe. Wengi wetu tunapojitayarisha kwa Kitubio, tukifika amri ya saba tunawaza pesa na simu. Lakini ukitumia msitu mpaka mjukuu wako akose, umechukua cha nani?

6. Swali la yule dada

Hapa ndipo somo linapokuwa gumu, na nisingependa kukudanganya kwamba ni rahisi.

Asubuhi baada ya mkesha ule tulikaa kujadili. Mimi, bado moyo unanisuta kwa yale magunia, nikasimama nikahubiri kwa ukali: wachoma mkaa na wauza mkaa ni maadui wa uumbaji. Watu wakapiga makofi. Dada mmoja wa kundi letu, mpole, haongei sana, akanyoosha mkono. Akasema: "Kaka, mama yangu anauza mkaa. Ule ule wa kopo. Mkaa ndio ulionisomesha mimi na wadogo zangu wawili. Sasa unataka kusema mama yangu ni adui wa Mungu?"

Pakawa kimya. Sikuwa na jibu. Nikasema kitu kama "hapana, simaanishi mama yako", jibu la kujikwamua tu, na yeye akajua ni la kujikwamua.

Wiki mbili baadaye nilikwenda kumwona mama yake. Nilimkuta kwenye banda lake, mikono myeusi mpaka kwenye viwiko, makopo yamepangwa kwa ukubwa. Nikamwamkia, akanipa kigoda. Nilipomwuliza mkaa wake unatoka wapi, hakukasirika. Alisema: "Mwanangu, mimi gunia silijui limetoka wapi. Nalijua deni lake tu." Halafu akanionyesha wateja wake: fundi cherehani wa kopo moja, bibi wa kopo moja, mwanafunzi aliyepanga chumba, kopo nusu. "Hawa mtungi wa gesi watanunua kwa lipi? Kopo wanalimudu, kwa sababu kopo ni la leo."

Nilirudi nyumbani nikiwa nimejifunza kuliko siku zote za hija. *Laudato si'* inafundisha, namba 49, kwamba tusikie kilio cha dunia na kilio cha maskini pamoja. Nilikuwa nimesikia kilio cha komba, nikaziba masikio kwa mama. Wengine wanafanya kinyume: wanasema maskini kwanza, msitu baadaye, kana kwamba maskini hatakuwa wa kwanza kukosa kuni, maji na udongo msitu ukiisha. Ukichagua kilio kimoja na kukiacha kingine, hujamsikia Mungu bado. Ni kilio kimoja.

Kwa hiyo jibu langu kwa yule dada, na nilimwambia mbele ya kundi lote, ni hili: mama yako si adui. Nilikosea, nisamehe. Dhambi ipo, lakini haiko kwenye kopo la mama yako peke yake. Ipo kwangu mimi niliyenunua magunia mawili kwa ajili ya starehe ya siku moja bila kuuliza, wakati nilikuwa na uwezo wa kufanya vingine. Aliyepewa zaidi ataulizwa zaidi.

7. Kulima na kutunza

Mwa 2:15 inatuambia kwamba Mungu alimweka mtu bustanini ailime na kuitunza. Maneno mawili. Kulima peke yake bila kutunza ni kuiba. Kutunza bila kumwachia mtu alime ni kumfukuza maskini kwenye bustani. Tunashika yote mawili.

Mwalimu Nyerere alilijua hilo. Septemba 1961, kabla hata ya uhuru, alitoa tamko kule Arusha kwamba wanyamapori na makazi yao ni sehemu ya mali asili na maisha yetu ya baadaye, na kwamba kuwatunza ni dhamana yetu Waafrika. Taifa lilikuwa bado halijazaliwa na tayari lilikuwa limekubali kulea.

Sisi tufanye nini? Tusitafute makubwa.

*Loweka maharage.* Msicheke! Maharage yaliyolala kwenye maji usiku kucha, sufuria ikafunikwa, yanakula moto mdogo zaidi. Hilo halihitaji mfadhili. Utunzaji wa uumbaji unaanzia kwenye beseni.

*Kundi libadilike kabla ya mtu mmoja mmoja maskini kubadilishwa.* Serikali ina mkakati wa taifa wa nishati safi ya kupikia, na lengo ni kwamba ifikapo mwaka 2034 asilimia 80 ya Watanzania waitumie. Tusingoje 2034. Sisi tuliweka kibubu, kila Dominika baada ya Misa, mpaka tukapata mtungi mkubwa wa gesi na jiko lake kwa shughuli za vijana. Mwaka huu tulikwenda hija bila gunia hata moja.

*Msaidie anayetaka kuvuka.* Mama wa yule dada bado anauza mkaa, sitakupamba kwa uongo. Lakini jumuiya yake ndogo ndogo ilimkopesha mtaji kidogo, ameongeza meza ya mboga na matunda pembeni. Anasema mboga zikishika, atapunguza magunia. Polepole.

*Ujue msitu wako.* Ukienda Pugu, ongeza nusu siku. Fuata utaratibu wa hifadhi, ingia na mwongozaji, jifunze majina matano ya viumbe. Usitupe chupa, usiwashe moto, usiokote cha kupeleka nyumbani. Adamu kazi yake ya kwanza bustanini ilikuwa kulima na kutunza. Baadaye akapewa ya kuita majina.

*Sali pamoja na Kanisa.* Tangu mwaka 2015 Kanisa lina siku ya kuombea utunzaji wa uumbaji, tarehe 1 Septemba. Kipindi hicho huendelea mpaka tarehe 4 Oktoba, sikukuu ya Mtakatifu Fransisko wa Asizi, ambaye Papa Yohane Paulo II alimtangaza mwaka 1979 kuwa msimamizi wa wanaoshughulikia mazingira. Liombeni paroko wenu jambo hilo mapema, msingoje tarehe 30 Agosti!

Maswali ya kujadili katika kundi

1. Taja viumbe watano wanaoishi karibu na mtaa wako ambao hukuwahi kumshukuru Mungu kwa ajili yao.
2. Mkaa au kuni za nyumbani kwenu vinatoka wapi? Kama hujui, nani anaweza kukuambia?
3. Ungemjibuje yule dada kama ungekuwa mimi siku ile?
4. Katika Dan 3, kwa nini unadhani vijana wanajitaja karibu na mwisho?
5. Je, umewahi kuingiza matumizi mabaya ya uumbaji katika kujitafiti moyo kabla ya Kitubio?

Azimio la wiki

Chagua usiku mmoja wiki hii. Toka nje, zima simu, kaa kimya dakika kumi. Sikiliza. Popo, chura, mdudu, ndege wa usiku, chochote. Kisha usali Dan 3:57-88 polepole, na ukifika mahali pa wanyama, taja yule uliyemsikia.

Sala

Ee Mungu Muumba wetu, ulimtengeneza komba mwenye uzito wa yai na hukumsahau. Utusamehe kwa kila mara tulipowasha moto bila kuuliza. Uwaangalie wachoma mkaa na wauza mkaa, uwafungulie mlango mwingine wa riziki, na utupe sisi mioyo ya kuwashika mkono wanapoupitia. Uilinde misitu yetu midogo iliyobaki, Pugu na mingine yote. Na sisi vijana, utakapotupitisha katika tanuru zetu, utujalie tutoke tukiimba pamoja na viumbe vyako vyote. Kwa Kristo Bwana wetu. Amina.

Mtakatifu Fransisko wa Asizi, utuombee.

Tukutane wiki ijayo. Na maharage, tafadhali, yalowekwe!